Homoni na Mgongo wa Kijana: Kwa Nini Miaka ya Balehe Inahitaji Jicho la Karibu

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mara nyingi dalili ya kwanza huonekana kwenye nguo kabla ya kuonekana mwilini. Sketi ya sare huinuka upande mmoja, mkanda wa begi huteleza kwenye bega lile lile kila siku, au shati hujaa upande mmoja wa mgongo na kulegea upande wa pili. Wazazi wengi humwambia mtoto asimame wima, kisha jambo hilo huishia hapo. Ikiwa mtoto huyo ana umri wa kati ya miaka 10 na 16, ipo sababu ya kuutazama mgongo wenyewe. Huo ndio umri ambao homoni hurefusha mifupa kwa kasi kubwa, na mgongo ulioanza kupinda kidogo unaweza kupinda zaidi ndani ya miezi michache.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wazazi, walezi, walimu wa afya shuleni na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Linaeleza namna homoni zinavyoongoza ukuaji wa mgongo, nini hutokea zinapopungua au kuzidi, na hatua zipi zichukuliwe kabla muda wa kutibu haujapita.

Mgongo ulionyooka na mgongo uliopinda

Mtoto huzaliwa akiwa na pingili 33 za uti wa mgongo. Pingili 24 za juu hubaki zikitembea moja juu ya nyingine, na zile za chini huungana kadiri mtu anavyokua. Ukitazamwa kutoka nyuma, mgongo wenye afya huwa umenyooka. Ukitazamwa kutoka ubavuni, huwa na mikunjo ya asili: shingoni na kiunoni huingia ndani, na kifuani hutokeza nyuma. Mikunjo hiyo si ugonjwa. Ndiyo inayouwezesha mgongo kubeba uzito na kuhimili mishtuko.

Kasoro zinazowapata vijana zaidi ni mbili. Ya kwanza ni skoliosisi, yaani mgongo kupinda kuelekea upande, huku pingili zikijisokota. Kujisokota huko ndiko kunakosukuma mbavu za upande mmoja zitokeze nyuma. Wataalamu hupima mpindo huo kwenye picha ya eksirei kwa nyuzi, kwa njia iliyoelezwa na daktari wa Marekani John Robert Cobb mwaka 1948. Mpindo huitwa skoliosisi unapofikia nyuzi 10 au zaidi. Kasoro ya pili ni kifosisi, ambapo sehemu ya juu ya mgongo huinama mbele kupita kiasi, hali ambayo watu wengi huiita kibiongo.

Kati ya vijana 100 wenye umri wa miaka 10 hadi 16, wawili au watatu huwa na skoliosisi ya nyuzi 10 au zaidi. Mipindo midogo huwapata wavulana na wasichana kwa idadi inayokaribiana, lakini ile mikubwa inayohitaji matibabu huwapata zaidi wasichana, mara kadhaa kuliko wavulana. Katika takribani asilimia 80 ya wenye skoliosisi, chanzo mahususi hakijulikani. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba kila kijana mwenye mgongo uliopinda ana ugonjwa wa homoni. Hata hivyo, hata pale homoni zisipokuwa chanzo, ndizo zinazoamua mpindo huo utakua kwa kasi gani na kwa muda gani.

Kazi ya homoni katika mifupa

Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa kwa damu ili kuviagiza viungo vingine vifanye kazi fulani. Mifupa ya mtoto hurefuka kwenye sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa, na pingili za mgongo nazo zina sehemu kama hizo juu na chini. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya ukuaji inayoiamuru gegedu hiyo izalishe mfupa mpya. Tezi ya shingo hutoa homoni inayouwezesha mfupa huo kukomaa kwa mpangilio. Tezi nne ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo hulinda kiwango cha madini ya kalsiamu katika damu, na vitamini D hufanya kazi kama homoni kwa kuliwezesha tumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula.

Wakati wa balehe huongezeka homoni za uzazi: estrojeni kwa wasichana na testosteroni kwa wavulana. Homoni hizi huanza kwa kuharakisha ukuaji, kisha huusimamisha. Estrojeni, ambayo mwili wa mvulana pia huitengeneza kwa kiasi kidogo, ndiyo inayoifanya gegedu ya ukuaji igeuke mfupa kamili na kufunga. Baada ya hapo kijana harefuki tena, na mpindo mdogo wa mgongo kwa kawaida hutulia.

Saa ya balehe

Kwa kawaida balehe ya wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, na ya wavulana kati ya miaka 9 na 14. Kasi ya kurefuka hufikia kilele kwa wasichana wengi wakiwa na miaka 11 au 12, ambapo binti anaweza kuongezeka takribani sentimita 8 kwa mwaka. Kwa wavulana kilele hicho huja wakiwa na miaka 13 au 14, na ongezeko hukaribia sentimita 9 hadi 10 kwa mwaka. Binti huvunja ungo kilele hicho kikiwa kimekwisha kupita, mara nyingi baada ya miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo tarehe ya hedhi ya kwanza humweleza mtaalamu jambo kubwa: kwamba sehemu yenye hatari zaidi ya ukuaji imeanza kupungua.

Tuchukue mfano wa mabinti wawili wa darasa moja, wote wakiwa na miaka 13 na wote wakiwa na mpindo wa nyuzi 22. Wa kwanza alivunja ungo miaka miwili iliyopita. Wa pili bado. Kwenye eksirei migongo yao inafanana, lakini mustakabali wao haufanani. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1984 ulionesha kuwa mipindo ya nyuzi 20 hadi 29 iliongezeka kwa asilimia 68 ya vijana ambao mifupa yao ilikuwa bado michanga, na kwa asilimia 23 tu ya wale ambao mifupa yao ilikuwa imeelekea kukomaa. Binti wa pili ndiye anayehitaji kufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu saa yake ya ukuaji bado inakwenda.

Homoni zinapopungua au kuzidi

Balehe iliyochelewa. Binti asiyeonesha dalili yoyote ya matiti afikapo miaka 13, au mvulana asiyeonesha mabadiliko ya sehemu za siri afikapo miaka 14, anapaswa kuonwa na mtaalamu. Kuchelewa huko kunaweza kuwa kwa kurithi na kusiwe na madhara, lakini pia kunaweza kutokana na utapiamlo, selimundu, magonjwa ya muda mrefu au hitilafu ya tezi. Homoni za uzazi zinapochelewa, mifupa hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi huku ikikosa uimara wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu wacheza bale 75 wa kulipwa, ambao wengi walichelewa kuvunja ungo kwa sababu ya wembamba na mazoezi makali, ulikuta asilimia 24 kati yao wana skoliosisi, na waliochelewa zaidi ndio walioathirika zaidi.

Balehe ya mapema mno. Dalili za balehe kabla ya miaka 8 kwa binti au miaka 9 kwa mvulana nazo si za kawaida. Mtoto hurefuka ghafla kuliko wenzake, na kama ana mpindo, nao huongezeka mapema. Baadaye mifupa hufunga kabla ya wakati, na mtoto aliyekuwa mrefu kuliko wote darasani huishia kuwa mfupi.

Upungufu wa homoni ya tezi ya shingo. Mtoto mwenye upungufu huu hukua polepole, huchoka, huhisi baridi, hupata choo kigumu na huzembea masomoni pasipo kupenda. Aliyezaliwa na upungufu huo asipotibiwa huchelewa kukaa na kutembea, na pingili za sehemu ya kati na chini ya mgongo zinaweza kukua zikiwa na umbo lisilo sahihi, mgongo ukatokeza nyuma. Tezi ya shingo huhitaji madini joto ili itengeneze homoni yake. Hiyo ndiyo sababu kaya zinahimizwa kutumia chumvi yenye madini joto. Rovu shingoni ni dalili isiyopaswa kupuuzwa, hata kama haiumi.

Homoni ya ukuaji. Inapozidi, kijana hurefuka kupita kiasi na mgongo huweza kupinda. Inapopungua, hubaki mfupi sana. Wapo watoto wanaotibiwa upungufu huo kwa sindano. Tiba hiyo ni sahihi inapotolewa na mtaalamu, lakini kwa kuwa huharakisha ukuaji, mgongo hukaguliwa muda wote wa matibabu.

Kasoro ya Turner. Takribani msichana mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500 huzaliwa akiwa amekosa kromosomu moja ya X au sehemu yake. Huwa mfupi, na ovari zake hushindwa kutoa estrojeni ya kutosha, hivyo balehe huchelewa au haianzi. Wasichana hawa hupata kupinda mgongo mara nyingi kuliko wasichana wengine. Wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa kwa sababu ufupi wao huchukuliwa kuwa ni wa ukoo.

Upungufu wa kalsiamu na vitamini D. Kalsiamu inaposhuka, tezi ndogo za nyuma ya tezi ya shingo huongeza homoni yake na kuichota kalsiamu kutoka mifupani. Mifupa hulainika. Miguu hupata matege, na mgongo nao unaweza kupinda. Jua la nchi zetu halitoshi peke yake kumkinga mtoto: katika sehemu mbalimbali za Afrika yenye jua jingi, watoto wamepata matege kwa sababu chakula chao kilikosa kalsiamu. Maziwa, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yake, ni vyanzo vinavyopatikana sokoni kwa gharama inayohimilika.

Steroidi: hatari inayoletwa nyumbani

Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hutoa homoni iitwayo kotisoli. Dawa za kundi la steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, hufanya kazi inayofanana nayo. Ni dawa zinazookoa maisha ya wagonjwa wa pumu, figo na maradhi mengine. Zinapotumika kwa muda mrefu kwa kipimo kikubwa, hupunguza kasi ya kurefuka, hudhoofisha mifupa na huweza kusababisha pingili kupondeka, hata mgongo ukainama mbele.

Hatari kubwa ipo kwa anayetumia dawa hizi bila kujua. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi kali kama klobetasoli na betamethasoni, na zinapopakwa mwili mzima kwa miezi mingi hufyonzwa hadi kwenye damu. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kunenepesha ni deksamethasoni. Kijana anayevitumia huwa na uso wa mviringo, tumbo kubwa, mikono na miguu iliyokonda, na michirizi ya ngozi. Sehemu ya juu ya mgongo hujaa mafuta yanayofanana na kibiongo. Wakati mwili ukionekana kunawiri, urefu husimama na mifupa huendelea kudhoofika.

Jambo moja lizingatiwe: kijana aliyetumia steroidi kwa muda mrefu asiache ghafla, iwe aliandikiwa na daktari au alinunua mwenyewe. Tezi zake huwa zimezoea kupumzika, na kuacha kwa ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Afike kituo cha kutolea huduma akiwa na kopo au pakiti ya alichokuwa akitumia, ili apunguziwe hatua kwa hatua.

Funzo kutoka kwa kuku

Mwaka 1959 mtafiti wa Ufaransa, Thillard, aliripoti kwamba vifaranga walioondolewa tezi ya pineali, inayotoa homoni ya usingizi iitwayo melatonini, walipinda mgongo. Kwa miaka mingi wanasayansi walitumaini kwamba wamepata chanzo cha skoliosisi. Lakini jaribio kama hilo lilipofanywa kwa nyani, migongo yao haikupinda, na vipimo vya melatonini kwa vijana wenye skoliosisi vilitoa majibu yanayopingana.

Historia hiyo ina maana kwa mzazi wa leo. Hakuna homoni moja iliyothibitishwa kuwa ndiyo inayosababisha skoliosisi ya kawaida ya vijana. Kwa hiyo hakuna kinywaji, unga wala kidonge cha "kusawazisha homoni" kinachoweza kuunyoosha mgongo huo. Fedha inayotumika kununulia bidhaa hizo, na hasa miezi inayopotea wakati wa kuzisubiri zifanye kazi, ni hasara isiyorudishika.

Si kila mpindo ni wa homoni

Kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo. Hali hii ilielezwa na daktari wa Uingereza Percivall Pott mwaka 1779, na bado ipo. Mgongo hutokeza kwa kona kali sehemu moja, huuma, na mgonjwa huweza kupata homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Ugonjwa huu hutibika, na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo. Maumivu ya mgongo yanayomwamsha mtoto usiku, udhaifu wa miguu, ganzi au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za kufika hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, begi zito la shule na kubeba ndoo ya maji kichwani huweza kuleta maumivu na uchovu, lakini si vyanzo vya skoliosisi. Mzazi asijilaumu wala asimlaumu mtoto kwa ukaaji wake.

Kupima nyumbani na shuleni

Kadi ya kliniki hufuatilia ukuaji wa mtoto hadi anapotimiza miaka 5. Baada ya hapo watoto wengi hawapimwi urefu tena, na miaka ya balehe, ambayo ndiyo yenye hatari kwa mgongo, hupita bila kumbukumbu. Familia inaweza kuziba pengo hilo kwa daftari na futi ya fundi cherehani.

1. Mtoto apimwe urefu kila baada ya miezi 6, akiwa peku, visigino na mgongo vikigusa ukuta. Tarehe na urefu viandikwe.

2. Kwa binti, tarehe ya kuvunja ungo iandikwe pia. Mama, shangazi, bibi au somo wake ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuijua.

3. Mtoto asimame, mgongo ukiwa wazi au akiwa na nguo nyepesi ya kubana. Aliye nyuma yake atazame kama mabega yako sawa, kama mfupa wa bega mmoja umetokeza, na kama nafasi kati ya mkono na kiuno inalingana pande zote.

4. Aunganishe miguu na viganja, kisha ainame mbele polepole, magoti yakiwa yamenyooka, hadi mgongo ulale sambamba na sakafu. Upande mmoja wa mbavu au kiuno ukiwa juu kuliko mwingine, mtoto apelekwe kituoni. Kipimo hiki kilielezwa na daktari William Adams wa Uingereza mwaka 1865 na hutumika hadi sasa.

Binti apimwe na mwanamke, na kila mtoto apimwe mahali pa faragha. Shuleni, kazi hii ifanywe na mhudumu wa afya au matroni, wala si mbele ya darasa.

Huduma na matibabu

Safari ya matibabu huanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto huchunguzwa na, inapobidi, hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya kwa ajili ya eksirei na vipimo vya awali, kisha hospitali ya rufaa kwa vipimo vya homoni. Daftari la urefu na tarehe ya hedhi ya kwanza vipelekwe, kwani humwonesha daktari mwenendo ambao kipimo cha siku moja hakiwezi kuuonesha. Upasuaji mkubwa wa mgongo hufanyika katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Mpindo usiofika nyuzi 25 kwa kawaida hufuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Kuanzia nyuzi 25 hadi kati ya 40 na 45, kijana ambaye bado anakua huvalishwa mkanda mgumu wa mgongo. Mpindo unaopita nyuzi 45 hadi 50 ndio unaofikiriwa kwa upasuaji. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kuwa kati ya waliovaa mkanda, asilimia 72 walimaliza kukua bila mpindo wao kufikia nyuzi 50, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliofuatiliwa bila mkanda. Waliouvaa kwa takribani saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa zaidi. Mkanda haunyooshi mgongo wa mtu mzima. Hufanya kazi wakati mifupa ingali ikikua. Pale inapogundulika hitilafu ya homoni, nayo hutibiwa sambamba: homoni iliyopungua huongezwa, na iliyozidi hudhibitiwa.

Wenye bima ya afya wafike na kadi zao. Familia isiyo na uwezo imwone Afisa Ustawi wa Jamii kwa ushauri kuhusu utaratibu wa msamaha, badala ya kumficha mtoto nyumbani.

Katika jamii zetu, kijana mwenye mgongo uliopinda bado huitwa kwa kasoro yake, na wapo wanaohusisha hali hiyo na laana au uchawi. Maneno hayo humfanya ajifunike kwa sweta hata wakati wa joto na kuwaficha wazazi wake hadi mpindo unapokuwa mkubwa. Wananchi wanaombwa kuacha tabia hiyo. Mwenye mtoto wa umri wa darasa la nne hadi kidato cha tatu ampime urefu na kumtazama mgongo mwezi huu, aandike alichokiona, na arudie baada ya miezi 6. Akiona tofauti, asisubiri likizo ya shule. Milango ya zahanati iko wazi.